KAMBA YA BABU: TUICHOME, TUIUZE, AO TUISOME?



Jumamosi moja ya trimestri hii kulikuwa majadiliano katika chumba kikubwa cha masomo. Swali lilikuwa hili: je, kijana Mkristo anaweza kutundika nyumbani kwake vitu vya wazee wa zamani? Wale waliosema hapana walipigiwa makofi mengi. Wale waliosema ndiyo walipigiwa makofi kidogo, na mmoja wao alichekwa mpaka akaketi. Sisi tulinyamaza. Si kwamba tulikosa neno. Neno tulikuwa nalo, lakini dakika tatu alizopewa kila msemaji hazikutosha. Basi tumeliandika hapa, na tunashukuru wale wanaopiga stensili kwa kutuachia nafasi.

Sisi tunaoandika tuko watatu, watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa iko mwaka wa sita, anangojea ekzameni ya Leta. Wa pili iko mwaka wa ine. Dada yetu iko mwaka wa tatu. Tumeandika pamoja sababu neno lenyewe lilitupata pamoja, ndani ya nyumba yetu, wakati wa vakansi kubwa.

1. KAMBA YENYEWE

Kwetu ni upande wa Mwenga, sisi ni Warega. Ndugu zetu Washi, Wabembe, Wahavu, Wafuliru na Wakusu tulio nao hapa pengine hawajui desturi yetu, kwa hiyo tunaeleza kidogo.

Katika msitu ule ambamo mito Elila na Ulindi inapita, wazee wetu hawakuwa na mfalme mmoja wa kutawala wote. Walikuwa na chama kinachoitwa Bwami, na mpaka leo hakijafa kabisa. Mtu aliingia kwa ngazi ya chini, akapanda pole pole, na ngazi ya juu kabisa inaitwa kindi. Wanawake pia walikuwa na ngazi zao, pamoja na waume zao. Kupanda kulitaka mali, ndiyo, lakini mali peke yake haikutosha. Walitazama tabia: je, mtu huyu ni mpole? Anagawa? Anajua kunyamaza? Mafundisho yenyewe yalipitia nyimbo, michezo na mithali, tena mithali nyingi sana, na kila mithali ilishikwa na kitu: sanamu ndogo ya pembe ya tembo, kofia, ganda, unyoya.

Warega wana pia kitu kinachoitwa mutanga. Ni kamba, na juu ya kamba hiyo vimefungwa vitu vidogo vidogo. Kila kitu kina mithali yake. Mwenye kujua anashika kitu, anasema mithali, na yule anayefundishwa anafahamu. Padri mmoja aitwaye Defour aliandika kitabu kizima juu ya kamba hiyo, kwa Kifaransa, kikachapwa Bukavu mwaka 1979. Anaiita kamba ya hekima. Kwa hiyo si sisi tuliolitunga neno hili.

Babu yetu, mzazi wa baba, hakuwa mkubwa katika Bwami. Alikuwa mlimaji na mwindaji wa nyavu, na mwisho wa maisha yake alibatizwa. Lakini alitunga kamba yake mwenyewe ya kufundisha watoto wa nyumba, akaitundika ukutani karibu na mlango, pale mtu anapoketi kuvua viatu. Tumehesabu: iko na vitu 27. Kuna gamba la ikaga, ganda la konokono, kipande cha wavu, unyoya wa kuku, chuma cha shoka dogo kisicho na mpini, jino, mbegu mbili zilizofungwa pamoja, kijiti kilichoungua upande mmoja, na vingine.

Tulipokuwa wadogo tulimwuliza: “Babu, hii ni nini?” Alijibu: “Ninyi muko na mabuku kule kwa masomo. Miye buku yangu njo hii.”

Na kweli aliisoma kama buku. Siku moja sisi vijana wawili tulipigana juu ya kinga, kila mmoja alitaka kuipanda kwenda soko. Babu hakupiga kelele. Alituita, akagusa kile kipande cha wavu, akatuangalia, halafu akarudi kuketi. Basi. Tulifahamu. Sababu alikuwa ametuambia mbele: katika uwindo wetu kila mwanaume analeta wavu wake, nyavu zinaunganishwa kuwa ukuta mmoja msituni, na kama wavu wa mtu mmoja uko na tundu, nyama ya watu wote inapita pale. Tuliacha kupigana, na ile kinga mama akaipanda.

2. MAGOMVI YALIYOINGIA NYUMBANI

Babu alifariki. Baada ya matanga, kamba ilibaki ukutani. Hakuna aliyeigusa, hakuna aliyeifuta vumbi. Ndipo magomvi yakaanza.

Baba mdogo, anayefuata baba yetu, ni mtu wa maombi. Tunamheshimu sana na hatuandiki hapa kwa kumchekelea. Alisema: “Kaka, hii kitu itoke. Tuichome leo.” Tena hakusema bure. Katika kijiji cha jirani aliona jamaa moja iliyokuwa na kitu cha zamani ndani ya nyumba, wakakitumia kumwogopesha bibi arusi: ukitoka bila ruhusa, kile kitu kitakuona. Msichana yule aliugua kwa woga. Baba mdogo alisema hataki watoto wa kaka yake wakae chini ya woga wa namna hiyo.

Mjomba, ndugu wa mama, anayefanya biashara kwenye machimbo, alikuja na shauri lingine. Alisema: “Juu ya nini kuchoma feza? Niko najua mtu kule mjini, ananunua vitu vya zamani. Atatoa bei.” Na bei aliyoitaja ilitosha kulipa minervali ya dada yetu kwa trimestri mbili.

Baba alisikiliza wote wawili. Halafu akafanya neno ambalo hatukulitazamia. Alituita sisi watatu, akasema: “Kamba ni ya baba yangu, lakini minervali ni yenu, na nyumba itakuwa yenu. Semeni.”

Tunakiri kwamba usiku ule hatukulala vizuri. Ni vyepesi kusimama katika majadiliano na kusema utamaduni, utamaduni. Ni vigumu kusema vile wakati utamaduni unapimwa na viti vya klasi.

3. JE, NI SANAMU YA KUABUDU?

Tulianza na neno la baba mdogo, sababu ndilo kubwa zaidi. Kama kamba ni sanamu ya kuabudu, hakuna shauri lingine: itoke.

Tulifungua Biblia. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 18, tunasoma juu ya mfalme Hezekia. Alivunja nyoka ya shaba. Na ile nyoka ilitoka wapi? Musa mwenyewe aliitengeneza kwa agizo la Mungu, kule jangwani. Haikuwa kitu kibaya kwa mwanzo wake. Lakini watu walikuja kuifukizia uvumba, na Hezekia alifanya vizuri kuivunja. Hapa baba mdogo ana haki: hata kitu chema kinaweza kuharibika mikononi mwa watu.

Lakini tulifungua pia Yoshua sura ya 4. Waisraeli walipovuka Yordani waliambiwa kuchukua mawe kumi na mawili katikati ya mto, jiwe moja kwa kila kabila, na kuyasimamisha. Kwa sababu gani? Ili siku zijazo watoto waulize juu ya mawe yale, na wazazi wawaeleze namna Mungu alivyowapitisha. Na katika Hesabu sura ya 15 waliagizwa kutia uzi wa rangi ya samawi kwenye vishada vya nguo zao, ili wakiuona wakumbuke amri. Uzi! Ndugu, tulipofika pale tulitazamana.

Basi sisi tunaona hivi. Kuna kitu kinachoombwa, na kuna kitu kinachoulizwa. Nyoka ya shaba iliombwa. Mawe ya Yordani yaliulizwa. Ili kujua kamba ya babu iko upande gani, tulijiuliza maswali matatu. La kwanza: je, kuna mtu katika nyumba yetu anayeiomba mvua, mtoto, ao uzima? La pili: je, kuna anayeipa chakula, pombe ao damu? La tatu: je, kuna anayeiogopa usiku? Tulijibu mbele ya baba mdogo, kwa kweli: hakuna, hakuna, na hakuna. Babu aliiulizwa tu, akaeleza tu.

Tunasema wazi kwa wasomaji: kama kwenu majibu ni tofauti, msitufuate sisi. Fuateni Hezekia. Hatuandiki kutetea kila kitu cha zamani. Kitu kinachoshika mtu kwa woga, hata kama ni kizuri kwa macho, hakifai nyumba ya Mkristo wala nyumba ya mtu yeyote.

4. JE, NI MALI YA KUUZA?

Halafu neno la mjomba. Hapa Biblia haikutusaidia moja kwa moja, lakini historia tuliyofundishwa ilitusaidia.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikataza Bwami kwa sheria. Chama kilifichwa, vitu vilifichwa, vingine vilichomwa, na vingi viliuzwa ao kuchukuliwa. Sanamu ndogo za pembe za Warega leo ziko katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo. Katika jumba la Tervuren, karibu na Bruxelles, vitu vya Kongo ni vingi mno. Mwezi wa pili mwaka 2022, Waziri wa Kwanza wa Ubelgiji alimpa Waziri wa Kwanza wa inchi yetu orodha ya vitu karibu 84,000. Mwezi wa sita wa mwaka uleule mfalme Philippe alifika Kinshasa na kinyago kikubwa cha Wasuku kinachoitwa Kakuungu, akakitoa kwa jumba la taifa la makumbusho, kwa namna ya kukopesha bila kuweka siku ya mwisho. Watu walishangilia. Sisi pia tulifurahi tuliposikia habari hiyo.

Lakini tazama: taifa zima linahangaika kurudisha kilichotoka, na sisi tulikuwa tayari kutoa kingine kwa bei ya trimestri mbili. Tena kile kinachotoka kinatoka bila maneno yake. Mnunuzi angenunua vitu 27 na kamba. Mithali asingezinunua, sababu haziko juu ya kamba, ziko katika vinywa vya watu. Kule angeandika karatasi ndogo: “kamba, Warega, Kongo.” Njo vile tu. Buku ingekuwa imefungwa milele.

Si Warega peke yao walioandika bila kalamu. Waluba wa Katanga walikuwa na lukasa, ubao wa kushika mkononi wenye shanga. Wenye kujua, watu wa chama cha Mbudye, waligusa shanga kwa kidole na kusimulia habari za wafalme na safari zao. Asiyejua anaona ubao wenye shanga nzuri. Anayejua anaona historia ya ufalme. Tofauti haiko kwenye ubao, iko kwa mtu.

Basi tulimwambia baba: isiuzwe. Na neno hilo lilikuwa na bei, tusidanganyane. Mbuzi wa nyumba aliuzwa mahali pake. Sisi vijana wawili tulifyatua matofali majuma matatu mazima ya vakansi kwa mtu aliyekuwa anajenga, na dada yetu alibeba maji ya udongo. Mikono ilitoka malengelenge. Lakini dada yetu iko darasani leo, na kamba iko ukutani.

5. JAMBO LILILOTUSHANGAZA

Sasa tunafika kwenye neno ambalo ndilo sababu ya kuandika.

Siku ile baba alipokata shauri kwamba kamba ibaki, tulitaka kuifuta vumbi na kuandika katika kaye maana ya kila kitu. Tulianza kwa furaha: gamba, ganda, wavu, unyoya... Tulipofika cha kumi na moja tulisimama. Vya kumi na moja tulivijua. Vingine kumi na sita hatukuvijua hata kidogo. Tulimwuliza baba. Yeye alikwenda masomo ya mbali tangu mtoto, akawa karani, hakukaa karibu na babu. Hakujua.

Tuliona haya sana. Tulikuwa tumetetea buku ambayo hatuwezi kuisoma hata nusu. Babu aliishi nasi miaka mingi. Kila vakansi tulimkuta pale pale, kwenye kiti chake, na kamba nyuma ya kichwa chake. Tulimsalimia, tulimpa sabuni na chumvi tuliyomletea, halafu tulikimbia kwenda kucheza mpira. Hakuna mkoloni aliyetukataza kumwuliza. Hakuna mchungaji aliyetukataza. Hakuna mnunuzi aliyetuziba mdomo.

Tukiwa tumeketi hivyo na kaye yetu, baba mdogo alipita. Yeye yule aliyetaka kuchoma. Alisimama mlangoni, akaangalia, akanyamaza kidogo. Halafu akanyoosha mkono, akashika kile chuma cha shoka kisicho na mpini.

“Hii minaijua,” akasema. “Baba alinionyesha siku nilimtukana mama yenu mdogo mbele ya watu. Aliniambia: chuma iko kali, weye pia uko na akili kali. Lakini chuma bila mpini inakata kwanza mkono ya mwenyewe. Tafuta mpini. Mpini njo upole.”

Akaketi chini. Akaeleza kingine, na kingine. Alitueleza vinne. Kumbe yeye ndiye aliyebaki kijijini wakati wengine walipokwenda kutafuta kazi, ndiye aliyekaa na babu jioni. Yule aliyetaka kuichoma kamba ndiye peke yake aliyeweza kuisoma mahali ambapo sisi watetezi tulishindwa. Hakulia, lakini sauti yake ilibadilika, na tangu siku ile hakusema tena neno la moto. Anasema tu kwamba tusiisahau Biblia, na sisi tunamjibu: ndiyo, Baba Mdogo.

Kumi na moja na vinne ni kumi na tano. Vimebaki kumi na viwili. Jino lile ni la mnyama gani? Zile mbegu mbili zinasema nini? Kijiti kile kiliungua kwa nini? Hatujui, na aliyejua tulimzika.

6. MAANA YETU WENYEWE

Mwanafunzi mmoja alituambia: “Lakini ninyi si watu wa Bwami. Muko wanafunzi wa hesabu na Kifaransa. Kamba inawafaa nini?” Swali ni jema, tunajibu kila mmoja kwa upande wake.

Mkubwa wetu alichagua ganda la konokono. Babu alisema: konokono haombi nyumba kwa mtu, anakwenda na yake. Mwaka wa kwanza hapa interna, ndugu yetu alichekwa juu ya matamko yake ya msituni. Alianza kudanganya kwamba anatoka mjini. Mwaka mzima aliishi na woga kwamba mtu wa kwetu atakuja kumtembelea na kumtaja. Siku aliporudi vakansi na kuona ganda lile alifahamu: aliacha nyumba yake njiani, njo maana alikuwa anasikia baridi. Tangu pale anajitaja kwa jina la kijiji chake, na hakuna aliyekufa kwa kicheko.

Wa pili alichagua kipande cha wavu. Mnajua wote, mwaka jana dortuari moja iliazibiwa kwa sababu mtu mmoja hakuchota maji siku ya zamu yake. Mtu yule ni yeye. Hakuna aliyemtaja, na wote walifyeka majani siku mbili. Leo anakiri hapa. Tundu lilikuwa kwenye wavu wake, na nyama ya wote ilipita pale.

Dada yetu alichagua gamba la ikaga, yule mnyama wa magamba ambaye wengine wanamwita kakakuona. Wazee wetu wanasema ikaga ndiye aliyefundisha watu kuezeka nyumba: magamba yake yanalala moja juu ya jingine, na majani ya paa pia vile vile. Kwa sababu hiyo hakuuawa ovyo, alikuwa na mwiko. Inafaa kukumbuka kwamba mataifa yalipokutana Johannesburg mwaka 2016 yalikubali kukataza biashara ya mnyama huyo kati ya inchi na inchi, kwa kuwa anamalizika. Wazee wetu walikuwa wamelinda mapema. Dada yetu anasema: minervali yangu ililipwa na mbuzi wa mama, matofali ya kaka zangu, na sehemu ya mwisho baba mdogo aliitoa kimya. Mvua haikunipata sababu majani yalifunika migongo. Siku moja miye pia nitakuwa jani juu ya mwingine.

Wengine watasema: hizo si maana za wazee, ni zenu. Tunajibu: mithali njo vile inafanya kazi. Hata katika Bwami kitu kimoja kilipata mithali hii leo na mithali ingine kesho, kufwatana na neno lililokuwa mbele ya watu. Lakini kuna utaratibu. Inapashwa kwanza kuuliza aliyekutangulia, halafu ndipo utafute yako. Anayeruka swali la kwanza anajifundisha mwenyewe tu. Anayebaki kwenye swali la kwanza anakuwa kama mlinzi wa jumba la makumbusho: anashika ufunguo, hasomi.

Walimu wetu wenye umri wanakumbuka siku za Zaire, wakati kurudi kwenye asili kulikuwa amri ya serikali. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, kila mtu akatafuta jina la wazee. Mwalimu mmoja alitueleza kwamba wengi walichukua majina makubwa bila kuuliza maana yake. Amri inaweza kubadilisha jina ao kutundika kitu ukutani. Haiwezi kuleta maana. Maana inakuja pale mtoto anapouliza na mkubwa anapojibu, jioni, bila haraka.

7. TUNAOMBA NENO MOJA

Kwa hiyo sisi hatusemi kwamba kila nyumba itundike kitu. Tunasema hivi: kama kitu kiko, kiulizeni kabla hamjakichoma, kabla hamjakiuza, na hata kabla hamjakisifu. Anayesifu bila kuuliza anaharibu sawasawa na wale wengine, pole pole tu.

Vakansi ya Noeli inakaribia. Tunawaomba wanafunzi wote, Warega na wasio Warega, kila mmoja achague mzee mmoja na kitu kimoja cha nyumbani: kiti, kikapu, mkuki, ngoma, chungu, ubao wa mchezo. Aulize: “Hii ni nini, na nani alikufundisha?” Aandike jibu katika kaye yake, na jina la kijiji. Kisha tunaomba wasimamizi wa gazeti wafungue ukurasa mmoja kwa majibu hayo. Na kama wazee watasema kitu kile ni cha woga na uchawi, hilo pia liandikwe, sababu ni kweli pia.

Juu ya kamba yetu, tumeongeza kitu cha 28. Dada yetu alifunga kifuniko cha kalamu iliyoisha wino. Baba alipokiona alisema: “Muongeze, lakini mujue kueleza.” Tulikaa nacho siku mbili, kisha tukampa jibu: kalamu inaandika yale sikio lilisikia, kama sikio halikusikia, kalamu inaandika bure. Baba alicheka, akasema inafaa.

Na kama kuna mtu wa kwetu kati ya wasomaji, mwanafunzi ao mwalimu, ambaye mzee wake anajua maana ya mbegu mbili zilizofungwa pamoja, tafadhali atutafute. Tuko dortuari ya pili, na dada yetu iko upande wa wasichana. Tutakuja na kaye.



Watoto watatu wa nyumba moja